Kutembea Mikono Mitupu

Lodwar, jioni

Akiru mwanangu,

Ejok, mama, nakusalimu kwanza. Uko hapo upande wa pili wa ukuta, unapiga nguo zako pasi, na ningeweza kukuita tu tukaongea. Lakini mimi na wewe tukianza kuongea, mmoja atatia mzaha, mwingine atacheka, na maneno yenyewe yatabaki bila kusemwa. Ndiyo maana nimefunga bucha mapema, nimepangusa ubao wa kukatia nyama, na naandika juu yake. Ukikuta doa la mafuta kwenye karatasi usishangae. Baba yako ni mchinjaji.

Sitakuambia ufunge mlango wa chumba chako, wala uchunge mkoba ukibadilisha gari Kitale. Shangazi yako ameshakuambia hayo yote tangu Jumapili, na kesho asubuhi atakupaka kifuani yale majani ya tumbo la mbuzi kukubariki, kwa hiyo nakuomba jambo moja tu: usikimbilie maji ya kuyanawa kabla basi halijatoka. Mimi nataka kuongea juu ya mwezi huu uliopita, mwezi ambao watu wa Lodwar wameniona nikisoma vitabu mchana kutwa, wengine wakadhani nimeokoka, wengine wakadhani nimechanganyikiwa.

Unakumbuka mwezi huo ulivyoanza. Barua ya chuo cha Eldoret ilifika wiki ile ile niliyoanguka nyuma ya kaunta, kisu kikiwa mkononi. Wewe ndiye uliyenikuta. Hospitali wakasema ni presha, tena ya siku nyingi, wakanipa vidonge na kuniambia nipunguze chumvi, mafuta na hili tumbo. Tuliporudi nyumbani, pale mlangoni ukasema, "Baba, mimi siendi. Nitakaa hapa nikuangalie." Ulisema kama mtu anayesema chai iko tayari.

Sikukulaumu. Mama yako alitutoka ukiwa mdogo, na najua uliponikuta chini ulijiona umebaki peke yako duniani. Lakini mwanangu, yale maneno yaliniuma kuliko kuanguka kwenyewe. Ulikipigania kile chuo na taa ya betri na vitabu vya kuazima, halafu kinachokuja kukushinda ni tumbo la baba yako? Nikasema, "Nipe mwezi mmoja nijifunze kujiangalia. Nikijifunza, utakwenda." Ukauliza, "Utajifunza wapi?" Nikasema, "Kwenye vitabu, kama wewe." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mtu wa darasa la sita, aliyeacha shule mifugo ya baba yake ilipokwisha na ukame, anataka kusoma! Lakini ulikubali.

Nikaenda kwa Deng. Unamjua, yule Msudani mrefu mwenye kibanda ndani ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, anayeuza sabuni, betri na vitabu ambavyo wageni huviacha wakirudi kwao. Kila nikienda Kakuma kununua mbuzi lazima nipite kwake kunywa chai. Nilipomweleza shida yangu akachimba ndani ya gunia, akatoa vitatu. Cha kwanza kilikuwa kijitabu cha afya, cha Kiswahili. Cha pili kilikuwa cha mazoezi, cha Kiingereza, na picha za mzungu aliyevaa kaptura. Cha tatu kilikuwa kinene kama tofali, riwaya ya zamani iliyotafsiriwa, ya nchi fulani ya baridi, haina jalada wala jina kwa sababu panya walikula mwanzo wake.

"Hicho hapana," nikamwambia. "Mimi ni mgonjwa, si mwanafunzi."

Deng akanisukumia vyote vitatu. "Hii mbili ni ya mwili. Roho yako iko kula nini?"

Nilikibeba kile kinene kwa heshima tu. Nilidhani nitakitumia kuegemeza dirisha.

Kile cha afya nilikianza na bidii ya mlokole mpya. Nilipofika kwenye habari za chumvi sikuishia kwenye sahani yangu, nikaiondoa chumvi bucha nzima. Jumamosi ile wateja wa nyama choma walitafuna kimya kimya mpaka yule askari mstaafu akashindwa kuvumilia. "Baba Akiru," akaniuliza, "huyu mbuzi alikufa mwenyewe?" Mama Ewoi, jirani yetu anayeleta samaki wakavu kutoka Kalokol, alifungua mfuko wake, akakung'uta chumvi iliyobaki kwenye samaki, akaigawa meza nzima, na watu wakampigia makofi kama mheshimiwa. Mimi nimesimama pale na kijitabu changu mkononi. Huko uendako utajua mambo mengi, na yatakuwasha ulimi. Yafundishe ukiulizwa, mama, lakini usimnyang'anye mtu chumvi yake kwa sababu wewe umesoma.

Kisha ikaja ile ya kutembea. Kitabu cha mazoezi ulinitafsiria mwenyewe: mtu mwenye presha atembee kwa haraka kila siku, bila mzigo, aende na kurudi. Hakuna kitu rahisi kama hicho, nikasema. Sisi si watu wa kutembea? Babu yako alitembea na ng'ombe mpaka Nakalale na kurudi. Nikatoka asubuhi, mikono mitupu, nikavuka laga ya Kawalase, ule mto mkavu, mbio mbio, macho chini nisikanyage miiba, nikafika kwenye ile mikoma, nikageuka, nikarudi.

Mzungu aliyeandika kile kitabu hajui Turkana. Hapa kwetu mtu haendi mahali akarudi mikono mitupu. Anayetembea ana ndoo, au ana kuni, au ana mifugo mbele yake. Akionekana mtu mzima, tena mnene, anakwenda kasi, anaangalia chini, hana kitu mkononi, basi kuna kitu amepoteza.

"Baba Akiru, umepoteza nini?" Mama Ewoi akaniuliza.

"Sijapoteza kitu. Nanyosha miguu."

"Eeh," akasema, na akanitazama kwa huruma.

Siku ya pili wakaniuliza wengine. Kwa kuwa nilikataa kila mara, wakaamua kwamba hasara yangu ni kubwa mpaka naona haya kuitaja. Unakumbuka kilichofuata. Tumekaa pale nje, vijana wanne wakatokea na vumbi mpaka kwenye nyusi, wanamburuta beberu mweusi. "Mzee, tumempata mbuzi wako!" Na nyuma yao mwenye beberu, anapiga kelele kwamba ameibiwa mchana. Wewe ulikimbilia ndani kucheka na kuniacha peke yangu na ile kesi. Ilibidi nichome maini, nimkalishe kila mtu chini, nifungue kitabu, niwaonyeshe mzungu na kaptura yake. Yule mwenye beberu aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Huyu naye amepoteza nini?"

Walinicheka wiki nzima, na wakati wananicheka mimi natembea. Hilo ndilo ninalojivunia. Nilikuwa nimeishi miaka yangu yote nikiogopa kuchekwa kuliko kuogopa kufa, na kumbe kuchekwa hakuui. Sasa yule askari mstaafu naye anatembea, asubuhi, nyuma yangu kidogo, akijifanya anakwenda kanisani.

Lakini usidhani mwezi wote ulikuwa wa vichekesho. Kulikuwa na kosa moja ambalo lingeweza kukufanya yatima, na wewe uliambiwa nusu tu. Nilisoma katika kile kijitabu kwamba chakula bora na kutembea hushusha presha. Nikafurahi sana. Nikafunga ukurasa pale pale, nikavitia vidonge mfukoni na kuacha kuvimeza. Nikajiambia, mimi natembea, vidonge vya nini? Nikaenda Kakuma kununua mbuzi, na pale sokoni, jua la saa saba, dunia ikazunguka. Deng ndiye aliyenishika kabla sijafika chini. Akanilaza kibandani kwake kati ya magunia, akanimwagia maji kichwani, akaniuliza dawa ziko wapi. Nikazitoa mfukoni zote, hata moja haijaguswa.

Akachukua kijitabu kutoka kwenye mkoba wangu, akafungua pale nilipokunja karatasi, akageuza ukurasa mmoja. Mmoja tu, Akiru. Nyuma yake imeandikwa kwa herufi nene kwamba mgonjwa asiache dawa hata akijisikia mzima, mpaka azungumze na daktari.

"Ya zol," akaniita kwa Kiarabu cha kwao, yaani wewe bwana, na alikuwa na hasira kweli, "wewe unasoma namna gani? Kitabu si mbuzi. Hapana chagua paja, unaacha kichwa."

Niliona aibu, na niliogopa. Nilikuogopea wewe. Nilikuwa nimekuahidi nitajifunza, na nilichokuwa nikifanya ni kutafuta ukurasa unaokubaliana na mimi. Nimewaona watu wengi wanasoma hivyo, na wengine wanasoma watu vile vile: wanachukua paja, wanaacha kichwa. Ukimpenda mtu kule Eldoret, na utampenda, geuza ukurasa kwanza.

Tangu siku ile dawa zangu za kila asubuhi zinalala kwenye sahani ya mizani. Mteja wa kwanza akija siwezi kumpimia hata robo kilo bila kuziondoa, na siziondoi ila kwa kuzimeza. Hilo hakunifundisha mtu. Nililibuni mwenyewe.

Sasa nije kwenye kile kinene. Nilikifungua siku moja ya mchana wateja walipokuwa wachache. Ni habari ya mzee mwenye kinu cha kusaga ngano kando ya mto unaoganda barafu. Mke wake amekufa, ana binti mmoja. Nilianza kwa kumdharau. Mtu anaishi mahali ambapo nyama haiozi mwaka mzima, analia nini? Lakini siku ya pili nilikuwa nikisoma kwa sauti, na siku ya tatu wateja walikuwa wakiuliza, "Jana tuliishia wapi?" Mama Ewoi alianza kuja na kigoda chake. Watu walinunua nyama hata wasiyoihitaji ili wasifukuzwe.

Mzee wa Kinu, kama tulivyomwita, anateleza kwenye barafu na kuvunjika mguu. Binti alikuwa amepata nafasi ya kwenda mjini kufundishwa ukunga. Anaahirisha safari ili amuuguze baba. Mguu unapona. Lakini mzee haachi mkongojo. Binti akiwa chumbani anachechemea na kuguna, na binti akienda sokoni anatembea wima. "Mshenzi!" nilipiga kelele hapa bucha. "Mnamwona huyu mshenzi?" Wote wakaniitikia, isipokuwa Mama Ewoi. Yeye alikuwa akiniangalia tu.

"Na wewe, Baba Akiru," akasema, "mbona jana ulikuwa ukiguna Akiru alipoingia na chai?"

Watu waliangua kicheko, na mimi nikacheka nao, lakini nilikosa hamu ya kula siku ile. Maana ilikuwa kweli. Baada ya Kakuma ulinilea kama mtoto mchanga. Uliniletea maji ya kuoga, ulinivua viatu, ulinipepea. Mwanangu, ilikuwa tamu. Tangu mama yako aondoke hakuna mtu aliyeniuliza kama nimelala vizuri. Nikajikuta naguna kidogo zaidi ukiwa karibu. Sikukusudia ubaya, na nadhani hata Mzee wa Kinu hakukusudia, na hapo ndipo nilipoacha kumwita mshenzi. Kesho yake nilichota maji yangu mwenyewe. Ulidhani nimekasirika.

Kile kitabu kiliisha vibaya. Mzee anakufa kitandani kwake, ameridhika, binti amemshika mkono. Ukurasa wa mwisho binti ana mvi, anasaga ngano, na mwandishi anamsifu kwa wema wake. Bucha nzima ilikubaliana na mwandishi. "Huyo ndiye mtoto," akasema askari mstaafu, na kina mama wakaitikia kwa vichwa. Mimi peke yangu nilikataa. Wema gani huo? Ukunga aliotaka kujifunza, wale watoto ambao angewapokea, nani aliwapokea? Nilikitupa kitabu kwenye beseni la mifupa. Kisha nikakitoa nikakipangusa, kwa sababu ni cha Deng.

Ndipo tukafika hospitali jana, mimi na wewe, kwa kipimo cha kumaliza mwezi. Nilikuwa na uhakika wangu wote. Nesi akafunga ule mfuko wa upepo mkononi, akapima, akapima tena. "Imeshuka, mzee. Haijafika tunapotaka, lakini imeshuka. Endelea hivyo hivyo na dawa usiache." Mimi nilisikia "imeshuka". Wewe ulisikia "haijafika". Umeona sasa? Hata wewe msomi unachagua ukurasa!

Tuliporudi nyumbani ulifungua sanduku lako la safari, ukaitoa ile sweta nzito ya baridi ya Eldoret, ukaitundika kwenye msumari. Nilipoiona ile sweta pale ukutani, katika joto hili la Lodwar, nilijua umeamua kubaki. Nikakufokea. Nilisema maneno ya bucha, na naomba uyasamehe. Na wewe ukanijibu, "Tulikubaliana upone!" Nikasema, "Tulikubaliana nijifunze!" Shangazi yako akatoka nje akatuacha.

Sikujua la kufanya zaidi, kwa hiyo nikakichukua kile kinene, nikakusomea ukurasa wa mwisho. Ulisikiliza umesimama. Nilipomaliza ukasema, "Lakini Baba, huyo binti hakuna mtu aliyemuuliza."

Ni kweli. Kurasa zote zile, baba yake hamuulizi, majirani hawamuulizi, hata mwandishi hamuulizi. Na mimi mwezi mzima nilikuwa nimekuambia utakwenda, nimekuamuru uende, sikuwa nimekuuliza.

"Basi nakuuliza," nikasema. "Unataka kwenda?"

Ukaanza kulia. "Nataka, Baba. Nataka sana mpaka naogopa."

Maneno hayo nitakaa nayo maisha yangu yote. Sikuwa nimejua kwamba kutaka kwenyewe kulikutia hofu, na kwamba ulikuwa umeificha hofu hiyo ndani ya presha yangu. Ulitoka kunawa uso. Niliposikia sanduku likifunguliwa sikuja kuangalia, lakini baadaye nilipopita msumari ulikuwa mtupu.

Kwa hiyo nenda, Akiru, na usiende kama mwizi. Sitakudanganya kwamba nimepona. Mimi ni mgonjwa wa presha na nitakuwa hivyo, nikiwa na wewe au bila wewe. Lakini najua ninachokula, najua dawa zangu ziko wapi, na shangazi yako anajua, na Mama Ewoi anajua zaidi kuliko ninavyopenda. Mwezi ujao Deng ameniahidi kingine kinene. Nimemwambia kisiwe na barafu. Nikifa siku moja, nitakuwa nimekufa kwa sababu watu hufa, na usimruhusu mtu yeyote akuambie ni kwa sababu ulikwenda shule. Na ukiogopa usiku kule, ogopa tu, kisha amka uende darasani. Mimi pia natembea nikiwa na hofu, na miguu haijali.

Kesho sanduku lako nitalibeba mimi begani mpaka steji. Usinibishie, hiyo ni sehemu ya mazoezi. Nitakupa barua hii dirishani. Basi likishaondoka sitapanda bodaboda. Nitarudi kwa miguu, nitavuka laga, mikono mitupu, na najua nitakuwa naangalia chini, na najua Mama Ewoi atakuwa amekaa pale na samaki wake.

Ataniuliza, "Baba Akiru, umepoteza nini?"

Nitamwambia sijapoteza kitu. Nimemsindikiza mtoto.

Baba yako